Ukitaka Kutunga Mchezo wa Mezani, Tenga Muda wa Kuujaribu

Kuna aina ya mchezo ambao wachezaji wake hawali kete za mwenzao wala hawafungani magoli. Wanakaa mezani watu wanne au watano, kila mmoja amejipa uhusika wake: huyu nahodha wa jahazi, yule mganga, mwingine mwizi aliyeacha wizi. Mmoja wao, ambaye hapa nitamwita mwendeshaji, anasimulia mahali walipo na yanayowakabili. Wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Likitokea jambo lenye mashaka, kama kuruka ukuta mrefu au kumdanganya askari wa getini, wanarusha dadu, na kanuni zilizoandikwa zinaamua limeishaje. Hii ndiyo michezo ya uigizaji ya mezani. Ulio maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliozaliwa Marekani.

Ukishaicheza michezo hii kwa muda, kutamani kutunga wako ni jambo la kawaida kabisa, na ni tamaa nzuri. Swali linalofuata huwa ni muda. Kuandika kanuni kunaweza kukuchukua wiki chache. Kuzijaribu mpaka zikubalike kunachukua miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi. Wengi hawalijui hili mapema, kwa hiyo wanachapisha haraka na kuwakabidhi wanunuzi kazi ambayo wangepaswa kuifanya wenyewe. Nitakueleza muda huo unakwenda wapi, ufanye nini katika kila hatua, na mfuko wako ujiandae vipi.

Hata ule mchezo wa kwanza, Dungeons & Dragons wenyewe, haukutungwa kwa haraka. Dave Arneson alianza kuwaendeshea rafiki zake mchezo wa Blackmoor katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, mwaka 1971. Mwishoni mwa 1972 alikwenda kumwonyesha Gary Gygax katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Gygax akaanza kuandika rasimu, akaichezesha kwanza nyumbani kwake, ambako watoto wake Ernie na Elise walikuwa miongoni mwa wachezaji wa mwanzo, kisha kwa majirani na wapenzi wengine wa michezo. Mchezo ulitoka mapema mwaka 1974: kisanduku chenye vijitabu vitatu, kikiuzwa dola 10, nakala 1,000 tu. Vijitabu vile vitatu vilitanguliwa na karibu miaka mitatu ya kucheza.

Miaka 40 baadaye, kampuni kubwa yenye watunzi wa kulipwa haikufupisha safari hiyo. Wizards of the Coast walitangaza toleo la tano la Dungeons & Dragons Januari 2012. Mei mwaka huo wakaanza kugawa rasimu bure kwa yeyote aliyetaka kuijaribu. Majaribio ya wazi yakaendelea hadi Septemba 2013, na kitabu cha wachezaji kikatoka Agosti 2014. Waliojaribu walizidi watu 175,000, na kampuni iliwashukuru ndani ya kitabu chenyewe. Angalia tarehe hizo vizuri: kati ya mwisho wa majaribio ya wazi na siku ya kuuza kulipita karibu mwaka mwingine mzima wa kurekebisha na kuandika upya.

Huenda unajiuliza kwa nini iwe hivyo, wakati bao au karata mtu anafundishwa jioni moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mambo yote yanayoweza kutokea yanatokea ndani ya mashimo hayo. Hakuna mchezaji atakayekwambia kwamba kete yake imeamua kumhonga mlinzi. Katika mchezo wa uigizaji atakwambia hivyo, tena ndani ya nusu saa ya kwanza. Atataka kuwasha moto ghala, kuoa binti wa adui, kuuza farasi wa mwenzake. Kanuni zako hazitaweza kutaja kila jambo la namna hiyo, ila lazima zimpe mwendeshaji njia ya kuliamua bila kubahatisha na bila ugomvi. Wewe peke yako, ukiwa umekaa na daftari, huwezi kuwaza yote ambayo watu watano watayawaza. Ndiyo maana hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya meza yenye watu.

Sasa tuanze kazi. Hatua ya kwanza ni kuandika kurasa nne, zisizidi hizo. Usianze na ramani ya nchi, majina ya wafalme na orodha ya silaha 60. Andika wahusika ni watu gani na mara nyingi wanafanya nini. Andika dadu inarushwa wakati gani, anayeshindwa anapatwa na nini, mhusika anajeruhiwaje, anaponaje. Hayo yanatosha kuchezea jioni moja. Sababu ya kukukataza kuandika kurasa 100 ni hii: utakachojifunza katika kikao cha kwanza kitakulazimisha kufuta sehemu kubwa ya ulichoandika, na mtu huona uchungu kufuta kurasa 100 kuliko nne. Anayeona uchungu huanza kuzitetea kanuni mbovu.

Gharama ya hatua hii ni daftari, kalamu na dadu mbili za kawaida, zile za ludo. Kama mchezo wako unatumia dadu ya pande 20, ambayo haipatikani kwa urahisi katika maduka mengi ya mitaani, kata vipande 20 vya karatasi vinavyolingana, viandike namba 1 hadi 20, viweke kwenye kopo. Mchezaji anachukua kimoja bila kuangalia, anakisoma, halafu anakirudisha na kulitikisa kopo. Kurudisha ni lazima, kwa sababu kipande kikibaki nje, bahati ya anayefuata inakuwa imebadilika.

Kabla ya kumwita mtu yeyote mezani, piga hesabu ya dadu zako. Ninaomba usiiruke hatua hii hata kama hesabu hukuipenda shuleni, maana saa mbili za penseli zitakuokolea vikao vingi vya watu. Chora jedwali la safu sita kwa sita. Juu andika namba za dadu ya kwanza, pembeni za dadu ya pili, na ndani ya kila kisanduku andika jumla yake. Utapata visanduku 36. Hapo utaona kwa macho kwamba jumla ya 7 inajitokeza mara sita, lakini 12 mara moja tu.

Chukua mfano wa Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker na Meguey Baker uliotoka mwaka 2010, ambao kanuni yake kuu imeigwa na michezo mingi. Mchezaji anarusha dadu mbili. Akipata 10 au zaidi, amefanikiwa kabisa. Akipata 7 hadi 9, amefanikiwa lakini kuna gharama au tatizo. Akipata 6 au chini, mambo yanaharibika. Hesabu visanduku vyako: 6 kati ya 36 vinatoa mafanikio kamili, 15 vinatoa mafanikio yenye gharama, 15 vinatoa matatizo. Sasa mpe mhusika hodari nyongeza ya 2 juu ya kila mrusho. Mafanikio kamili yanapanda hadi visanduku 15, na matatizo yanashuka hadi 6. Nyongeza ndogo ya 2 imeugeuza mchezo juu chini. Ukimpa nyongeza ya 5, hakuna tena namba inayoweza kumwangusha, kwa hiyo mashaka yamekwisha na kurusha dadu hakuna maana. Mtunzi asiyejua hili huandika upanga wa ajabu wenye nyongeza ya 5 kwa furaha tele, na mchezo wake unafia hapo.

Kosa la hesabu linaweza kuwapata hata mabingwa. Toleo la nne la Dungeons & Dragons lilitoka Juni 2008 likiwa na kanuni mpya ya changamoto zisizo za mapigano, kama kujadiliana na mfalme au kuvuka msitu. Katika changamoto ndogo kabisa, wachezaji walitakiwa wafanikiwe mara 4 kabla ya kushindwa mara 2. Ukiisoma, inaonekana ya haki. Ipigie hesabu: mtu mwenye uwezekano wa asilimia 60 katika kila mrusho, yaani anayefanikiwa mara nyingi kuliko anavyoshindwa, anamaliza changamoto nzima kwa asilimia 34 tu. Wachezaji waligundua haraka, na mwaka uleule kampuni ikatoa marekebisho: idadi ya kushindwa ikawa 3 kwa changamoto zote, na ugumu wa mirusho ukapunguzwa. Vitabu vilikuwa vimeshauzwa.

Hesabu nyingine ya lazima ni ya muda. Tuseme kila mpiganaji ana pointi 20 za uhai, anampata adui nusu ya mara anazojaribu, na kila pigo linatoa jumla ya dadu moja. Wastani wa dadu moja ni 3.5, na kwa kuwa nusu ya mapigo yanakosa, kila zamu inaondoa wastani wa 1.75. Pointi 20 zitaisha baada ya zamu karibu 12. Wachezaji wanne, kila mmoja akikabili adui wake na kutumia dakika moja kwa zamu, watatumia dakika 48, kabla hujahesabu zamu za maadui. Pambano moja limekula karibu saa nzima. Kama hilo ndilo ulilolitaka, sawa. Kama ulitaka mapigano ya haraka, punguza pointi za uhai leo, usingoje watu wapige miayo mbele yako. Kwenye intaneti kuna tovuti ya bure iitwayo AnyDice inayokokotoa uwezekano wa dadu za kila aina. Maelezo yake ni ya Kiingereza, lakini kwa dadu mbili jedwali lako la penseli linatosha.

Hesabu ikikaa sawa, sasa waite watu. Wanne wanatosha. Mkutane nyumbani, kwenye chumba cha chuo wakati hakuna vipindi, au popote penye meza na utulivu wa saa tatu. Waambie wazi kwamba wanakuja kujaribu mchezo ambao haujakamilika na kwamba kanuni zitabadilika. Katika vikao hivi vya mwanzo mwendeshaji utakuwa wewe. Weka daftari pembeni na andika mambo matatu tu: saa kila tukio lilipoanza na kuisha, kila swali mchezaji alilouliza kuhusu kanuni, na kila mara ulipoamua jambo kwa kichwa chako kwa sababu kanuni zilinyamaza. Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo watunzi wengi hawaliandiki, kwa sababu wakati wa kucheza hawajioni wanavyoziba mapengo.

Kikao kikiisha, usiulize kama wameupenda. Kwetu mtu aliyekaribishwa chai hatamwambia mwenyeji kwamba mchezo wake unachosha, na kama wewe ni mkubwa wake kwa umri atasema ni mzuri sana hata kama alisinzia. Uliza maswali ambayo jibu lake haliwezi kukuvunjia heshima. Ni wapi ulisubiri sana zamu yako? Ni wakati gani hukujua ufanye nini? Ulitaka kufanya jambo gani ukaona kanuni zinakuzuia? Nielezee kanuni ya majeraha kwa maneno yako mwenyewe. Swali la mwisho ni zuri kuliko yote, maana ukisikia maelezo matatu tofauti kutoka kwa watu watatu, umejua kanuni ipi ya kuandika upya usiku huo. Wape pia karatasi waandike bila majina. Anayeona aibu kusema huandika.

Inayofuata ni hatua ya kurekebisha, na hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Mtunzi mwenye haraka anabadilisha kanuni kumi kwa mpigo, kikao kinachofuata kinakuwa kizuri zaidi au kibaya zaidi, na hajui ni ipi kati ya hizo kumi iliyosababisha. Badilisha moja, au mbili zisizogusana, halafu chezesha tena. Fundi cherehani akipunguza kiuno cha gauni, mshono wa pembeni na urefu wa mbele navyo vinahama, na mteja inabidi alivae tena. Ukipunguza pointi za uhai ili mapigano yawe mafupi, mganga uliyemtunga kwa mapenzi makubwa anakosa kazi, kwa sababu watu wanakufa kabla hajafika zamu yake. Ukimwongezea mganga nguvu, hakuna anayeogopa kufa. Kila marekebisho yanataka kikao chake, na kikao kinataka jioni ya watu watano wenye kazi na familia.

Kubali pia kwamba jaribio linaweza kuiua kanuni unayoipenda. Kampuni ya Paizo ilipoandaa toleo la pili la mchezo wake wa Pathfinder, ilitoa kitabu cha majaribio Agosti 2018. Ndani yake kulikuwa na kanuni mpya iliyowekea kikomo idadi ya mara ambazo mhusika anaweza kutumia vitu vya kichawi kwa siku. Ilikuwa na sababu yake ya msingi: kuzuia watu kubeba furushi la dawa ndogondogo za bei rahisi na kujiponya bila mwisho. Wachezaji waliijaribu, wakaikataa. Toleo kamili lilipotoka Agosti 2019 kanuni hiyo haikuwemo tena kwa sura ile. Kwa maoni yangu, kampuni inayofuta kanuni iliyoitangaza hadharani inastahili kuaminiwa zaidi ya ile isiyofuta chochote.

Kuna matatizo ambayo kikao kimoja hakiwezi kuyaonyesha hata ukirudia mara 20. Tuseme katika kila kikao mhusika ana hatari ya kufa ya asilimia 10. Usiku mmoja inaonekana ndogo, hata ya kusisimua. Lakini mtu akicheza vikao 10 na mhusika yuleyule, uwezekano wa kuwa amekufa kabla ya kumaliza ni karibu asilimia 65. Kama hadithi yako inategemea wahusika waliofahamiana kwa muda mrefu, kanuni hiyo inaivunja hadithi, na hutajua mpaka ucheze mfululizo. Vivyo hivyo uwezo unaopanda: mhusika anayeongezewa nguvu kila kikao anaweza kuwa sawa katika kikao cha tatu na kuwa hashikiki katika cha tisa.

Kwa hiyo panga mfululizo mmoja wa vikao kama 10 na kundi lilelile. Ukiona muda ni mfupi, tumia njia ya Paizo: katika majaribio yale ya 2018 walitoa hadithi ya sehemu saba, na sehemu mbalimbali zilichezwa na wahusika wa ngazi tofauti, kuanzia wanaoanza hadi wenye uwezo mkubwa. Nawe unaweza kuruka: kikao hiki tumia wahusika wapya, kijacho watengeneze wale ambao wangekuwa wamecheza nusu mwaka. Njia hiyo inapima nguvu na hesabu, ingawa haipimi uchovu wa watu wala mapenzi yao kwa wahusika waliowalea.

Sasa nafika kwenye jaribio ambalo, kama utakumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hili: jaribio ambalo mtunzi hayupo. Mpaka hapa umekuwa ukiendesha mwenyewe, na wewe unajua ulichokusudia. Mchezaji akikwama, unamweleza kwa mdomo na kuendelea. Msomaji atakayenunua kitabu chako hatakuwa na mdomo wako. Kwa hiyo mpe mtu mwingine karatasi zako, mtu ambaye hajawahi kukuona ukiendesha mchezo huu, awakusanye watu wake na wacheze bila wewe. Usikae chumba cha pili. Usipokee simu ya kuuliza kanuni. Mwombe mambo mawili: arekodi sauti ya kikao kama wote wameridhia, na kila anapokwama aandike mstari uliomkwamisha na alivyoamua mwenyewe.

Utakayoyasikia yatakushangaza. Sentensi uliyoiona iko wazi itakuwa imesomwa kinyume. Chukua mfano huu: "Mhusika akijeruhiwa anapoteza zamu." Zamu ipi? Aliyonayo sasa, au inayofuata? Akijeruhiwa mara mbili kabla ya zamu yake kufika, anapoteza mbili? Kundi moja litacheza hivi, la pili vile, na kila moja litaona ndiyo kanuni yako. Iandike upya: "Mhusika aliyejeruhiwa hafanyi kitu katika zamu yake inayofuata. Majeraha mengine yatakayompata kabla ya zamu hiyo hayaongezi zamu za kukosa." Sentensi imerefuka, lakini ubishi umekwisha. Kitabu cha kanuni kina mamia ya sentensi za namna hii, na kila moja inangoja msomaji mgeni aijaribu. Ukiandika kwa Kiswahili, ambako michezo hii bado haijawa na maneno yaliyozoeleka, chagua neno moja kwa kila kitu tangu ukurasa wa kwanza na usilibadilishe kwa ajili ya kupamba lugha. Ukisema "raundi" maana yake watu wote wamecheza mara moja, basi isije ikamaanisha zamu ya mtu mmoja ukurasa wa 20.

Makundi mangapi yanatosha bila wewe? Ningesema yasipungue matatu, na yatofautiane: wanafunzi, watu wazima waliozoea karata na bao, na kundi moja ambalo halijawahi kucheza mchezo wa aina hii kabisa. Hao wa mwisho ndio walimu wakubwa, kwa sababu hawana mazoea ya kujazia pale ulipoacha.

Tujumlishe tuone mwaka unapatikanaje. Vikao vinne na kundi lako kwa rasimu ya kwanza, vinne kwa ya pili. Vikao sita na makundi mengine mawili ukiwa wewe ndiye mwendeshaji. Vikao 10 vya mfululizo. Vikao sita kwa makundi matatu yasiyokuwa na wewe, mawili kila moja. Hivyo ni vikao 30. Kila kimoja ni saa tatu za watu watano, kwa hiyo jumla ni saa 450 za watu. Wengi hawawezi kukutana zaidi ya mara moja kwa wiki, na kuna Ramadhani, Krismasi, mitihani, misiba na mvua. Weka wiki mbili za kuandika upya baada ya kila duru. Mwaka umekwisha, na hakuna aliyezembea.

Fedha zinazohitajika ni chache kuliko muda. Kanuni za kurasa nane zikitolewa nakala tano kwa kila rasimu, na rasimu zikawa nne, utarudufu kurasa 160. Ulizia bei ya ukurasa kwenye steshenari ya mtaani kwako uzidishe. Ongeza chai na vitafunwa, na nauli kwa anayetoka mbali. Wanaojaribu kwa kawaida hawalipwi, lakini wamekupa jioni zao, kwa hiyo waombe ruhusa na uandike majina yao kitabuni. Gharama kubwa ni ya michoro na uchapaji, na hiyo usiiguse mpaka majaribio yaishe. Mchoro uliolipiwa kwa ajili ya kanuni iliyofutwa ni fedha iliyopotea.

Kama unataka kupunguza kazi, unaweza kuanzia kwenye kanuni zilizokwisha kujaribiwa na wengine. Januari 2023 Wizards of the Coast waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzitafsiri na hata kuuza kazi itokanayo nazo, mradi ataje zilikotoka kwa namna leseni inavyoelekeza. Waraka wake unapakuliwa bure. Hesabu ya dadu utaikuta imeshapigwa. Utakachobaki nacho ni kujaribu yale uliyoongeza, na tafsiri yako kama umetafsiri, maana nayo ni maandishi mapya.

Utajuaje kwamba sasa inatosha? Makundi matatu yamemaliza hadithi bila kukupigia simu. Maswali yanayorudi ni ya maneno na mpangilio wa kurasa, hayagusi tena kanuni zenyewe. Na ukiona unarudisha leo kile ulichokifuta mwezi uliopita, kisha unakifuta tena, umeacha kurekebisha na umeanza kuhangaika. Simama hapo.

Baada ya hapo mambo ya kuchapisha ni mepesi. Mchezo wa kidijitali wa kurasa za kusoma unaweza kuuweka kwenye tovuti ya itch.io bila kulipa ada ya kuanza, ukapanga bei mwenyewe au ukaugawa bure. Ukitaka kitabu cha karatasi chenye namba ya utambulisho ya ISBN, Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kwa masuala ya hakimiliki nenda COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya, uulize utaratibu na ada za sasa. Fahamu tu kwamba hakimiliki hulinda maandishi na michoro yako. Wazo lenyewe la kurusha dadu mbili na kujumlisha halina mwenyewe, na ndiyo maana umeruhusiwa kulitumia.

Usingoje uwe na kitabu kamili ndipo uwaite watu. Andika kurasa zako nne wiki hii, chora jedwali la visanduku 36, na mwombe rafiki mmoja akutafutie wengine watatu kwa Jumamosi ya wiki ijayo. Na leo hii, kabla hujawaalika, mchague mtu mmoja ambaye hutamwambia chochote kuhusu mchezo wako. Huyo mwekee nafasi, kwa sababu ndiye utakayemkabidhi karatasi acheze bila wewe.